Spika ya Redio ya Bibi

Safari ya kwenda Songea ilituchukua siku mbili, mimi na mama. Tulipanda treni Mlimba, tukashuka Makambako, tukalala kwenye benchi la stesheni, kisha tukaingia kwenye basi. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alinipeleka Ruhuwiko, pembeni mwa mji wa Songea, nikaishi kwa mama yake. Nilikulia jirani na stesheni. Sikujua kwamba kuna mji unaoweza kuamka bila honi. Songea iliamshwa na majogoo na kengele ya kanisa. Mama alikaa wiki moja, akarudi. Mimi nikaanza kuunda treni.

Utacheka nikikwambia kwamba hata leo, nikiwa na miaka arobaini na kitu, kila mji ninaohamia nahamia na boksi la vitreni vya bati, pamoja na spika ndogo nilizong'oa kwenye simu mbovu. Nazichagua kama mwingine anavyochagua nyanya sokoni. Na kila ninapoweka moja sikioni, bibi ananijia.

Redio yake ya betri nne ilikaa dirishani, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe. Mchana tulipukuchua mahindi uani, harufu ya dagaa wa Nyasa ikitoka jikoni, na saa ya matangazo ya vifo ilipofika hata kuku walifukuzwa. Simu hazikuwapo. Mtu akifariki, ndugu walipeleka tangazo redioni, nanyi mkisikia mnafunga safari. "Nyamaza, wafu wanapita," bibi alisema. Mwaka ule alisikiliza kwa hofu zaidi. Dada yake mdogo wa pekee, wa Madaba, kwenye njia ya basi la Makambako, alikuwa mgonjwa sana. Walinuniana miaka mingi kwa sababu ya shamba, na ndiyo kwanza walikuwa wamepatana.

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi redio. Aliipenda treni yangu ya makopo, yenye magurudumu ya ndala. Akanirekodi kwenye kaseti nikiigiza injini kwa mdomo, akasema tutaingiza spika ndani ya behewa na kuivutia waya mrefu kutoka kwenye redio kaseti. Kisha akanimwagia mezani spika zake kuukuu. Ya kwanza, ndogo kama kizibo cha soda, ililia kama mbu. Ya pili ilikuwa imepasuka, ikakoroma.

"Treni yako ina kifua, mjomba," akacheka.

Akaichukua ile ndogo, akaiziba nyuma kwa kopo la dawa ya viatu. Sauti ikanenepa kidogo.

"Spika haipendi kukaa uchi. Izibe mgongo, itaongea. Ila hizi zangu zimechoka. Tafuta nzima, inayoenea behewa."

Nzima niliijua ilipo. Jumamosi, bibi alipokwenda shambani, nilifungua redio yake, nikakata nyaya mbili za spika kwa wembe, nikaing'oa. Nilijiambia ni kwa saa moja tu.

"Umeitoa wapi?" fundi akauliza.

"Nimeokota."

Aliniangalia, kisha akaiunga. Ilienea kwenye kopo la maziwa ya unga kama iliyopimwa. Basi treni ya Mlimba ikapita uani kwa fundi, nzito, inaguruma, na mimi nikalia kwa furaha.

Jioni niliirudisha, nikazisokota nyaya kwa meno. Redio ikawa bubu. Bibi alidhani betri zimekwisha nguvu, akanituma nizianike juani. Jumapili nilizianika kwenye ungo, nikazianua. Jumatatu vilevile. Yeye alizipachika, akagonga redio mgongoni, akasubiri.

Jumanne alipita mwalimu wa jirani.

"Shikamoo mama. Kumbe umesharudi kutoka Madaba? Pole sana."

"Marahaba. Pole ya nini, mwanangu?"

Mwalimu akashika mdomo. Tangazo lilisomwa Jumapili, likarudiwa Jumatatu asubuhi. Dada yake alizikwa Jumatatu jioni.

Nilikwenda naye Madaba. Binti wa marehemu alitupokea mlangoni, hakutukaribisha.

"Jeneza limekaa nje mpaka saa kumi na moja, mama mkubwa. Tunakusubiri wewe."

"Redio ilikufa, mwanangu."

"Ikafa wiki hiihii? Sema tu hukumsamehe lile shamba."

Nilikuwa nyuma ya bibi, nimebeba kikapu cha mchele. Nilikiinua kikapu kikanifunika uso.

Tuliporudi, fundi alifungua redio, akazitazama nyaya zilizokatwa kwa wembe. "Ni panya, mama," akasema, bila kuniangalia. Bibi alituma ujumbe Madaba kueleza habari za panya. Jibu lilikuja na dereva wa lori: panya wa Ruhuwiko ni wasomi, wanachagua tangazo la kula. Tangu hapo hakualikwa tena, si harusi, si kipaimara. Neno moja langu lingemsafisha, nami nilimnyima miaka yote saba niliyokaa kwake.

Siku hizi misiba inatangazwa kwenye simu, na hakuna anayefukuza kuku. Fundi hayupo. Bibi alifariki nikiwa mbali, na nyumba ya Ruhuwiko ina watu wengine. Hakuna tena wa kumwambia. Hata yule wa Madaba aliyestahili kuambiwa nilimwona mara ya mwisho siku niliyoondoka Songea moja kwa moja, baada ya kidato cha nne.

Asubuhi hiyo bibi alinifungia mayai ya kuchemsha. "Basi likisimama Madaba, wasalimie," akasema. Niliapa moyoni kwamba nitashuka, nitasema yote.

Basi lilisimama. Wauza mahindi ya kuchoma wakakimbilia madirishani, na chini ya dirisha langu alisimama binti yule wa marehemu, mama yangu mdogo, amenyanyua beseni. Nilikuwa nimeota ndevu, hakunitambua.

"Kaka, mahindi ya moto?"

"Sihitaji," nikasema, nikavuta pazia.