Springi Iliyokatwa Mizunguko Miwili

Uliiona. Usijifanye hukuiona. Ilikuwa imelala katikati ya barabara, mbele ya duka la magodoro, ncha yake moja ikimeremeta pale ilipokatwa. Uliiruka kama mtu anavyoruka ganda la ndizi, ukaenda zako. Jioni ukasema, "Dereva alikuwa mzembe," ukala, ukalala.

Ni miaka kumi na moja sasa. Wewe umesahau. Yuko ambaye hajasahau.

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu, mtu huyo amepiga goti kando ya vani nyeupe, futi ya chuma mkononi, anapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Ndani ya gari wamekaa watu saba, kila mmoja kwenye kiti chake cha kila siku. Gari bado haliendi popote.

"Bado tu, Bi Futi?" anauliza Mwalimu, mstaafu wa kiti cha nyuma. "Tutaota mizizi humu."

"Tulia hapo hapo, Mwalimu. Na usijibane tumbo. Nataka uzito wako wa kweli."

"Uzito wangu wa kweli nauacha hospitali leo saa tatu."

Wanacheka, kicheko kifupi cha watu wanaotunza pumzi. Ni wagonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki vani hii, mali ya chama chao kidogo, huwapeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Jumatatu ndiyo siku wanapokuwa wazito kuliko zote, maana wamekaa siku mbili maji yakiwajaa mwilini. Ndiyo maana fundi amewaita Jumatatu, kabla ya mashine.

"Gari tupu ni mwongo," anasema, akiandika namba kwa chaki kwenye tairi. "Linasimama limejivuna. Wapakie wenyewe ndipo ulijue."

Bi Futi, mama wa miaka arobaini na sita, ni fundi wa springi na shokapu. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa kumcheka, kwa sababu hafungui nati kabla ya kupima. Wamecheka, naye amepima. Hawajamaliza, si wao si yeye.

Chama kinataka vani ishushwe kwa sababu ngazi yake iko juu mno. Miezi miwili iliyopita, Mwalimu akitoka hospitali na kizunguzungu, alikanyaga stuli ya plastiki waliyokuwa wakiitumia kushukia. Stuli ikateleza. Akauangukia mkono wa kushoto, ule ule uliokuwa ukiunganishwa na mashine. Mshipa ukaharibika. Sasa damu yake hupitia kwenye mrija uliochomekwa shingoni, na daktari amemwambia kuwa shingo si mahali pa kutegemea kwa miaka.

Kwa hiyo sentimita tano wanazotaka zipungue si pambo. Vijana hushusha magari yao yapendeze. Hawa wanashusha lao ili waishi.

Dereva wa vani hana subira. "Dada, yule jamaa wa ng'ambo ya barabara anashika grenda, anakata mizunguko miwili ya springi, saa moja kazi imekwisha. Wewe siku ya kwanza yote ni kupima. Unashona suti?"

"Nashona. Suti ya watu saba, na wewe wa nane."

"Na ukikata wewe mwenyewe, taratibu?"

Fundi anakunja futi yake, anaifungua, anaikunja tena.

Kila wiki huwarudisha wateja wanne au watano wanaotaka kukatiwa. Ni karibu nusu ya kazi ambayo ingemwingia. Wote huvuka barabara, wakakatiwa, na magari yao hupita mbele yake yakiwa yameinama. Ukaguzi huyapasisha. Mkaguzi hukagua taa, honi na karatasi. Kuinama ni kazi ya mtu mwingine.

Na wewe hupanda.

"Mimi nilikata," anawaambia mafundi wenzake hatimaye, vani ikishaondoka. Anasema polepole, kama anayetoa mwiba. "Tajiri wa gereji alisema kata, nikakata. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Gari la abiria alilolikatia springi miaka kumi na moja iliyopita lilikuwa likiendeshwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake. Walitaka likae chini, livute abiria. Alikata mizunguko miwili kwenye kila springi ya nyuma, akarudishia shokapu zile zile ndefu za zamani. Hapo ndipo kosa lilipo, na hulijui mpaka uwe fundi. Gurudumu lilipozama kwenye shimo, shokapu ndefu ililiachia lishuke mpaka mwisho. Springi fupi haikufika huko. Ikabaki haibanwi na kitu, ikachomoka kitakoni mwake, ikaruka barabarani. Gari likalala ubavu. Shemeji akafa pamoja na abiria mmoja, mama aliyekuwa anarudi sokoni.

Karatasi ya uchunguzi iliandikwa maneno matatu: uzembe wa dereva. Tajiri akafunga gereji, akafungua nyingine kwa jina jipya. Watoto wa marehemu wakaitwa shuleni watoto wa mzembe.

"Mdogo wangu alikuwa akilia begani kwangu," anasema, "na mikono yangu inanuka chuma kilichokatwa. Nikanyamaza. Nilinyamaza miaka mitatu."

Siku alipomwambia, mdogo wake hakupiga kelele. Aliosha vyombo vyote, hata visafi. Kisha akasema, "Dada, basi karatasi iandikwe upya."

Tangu siku hiyo fundi hajakata springi ya mtu.

Jumanne, saa nne, muuza vipuri amemwaga mzigo wake juu ya meza ya gereji. Shokapu jozi tatu. Fundi anaibana ya kwanza chini kwa uzito wa mwili, anaiachia. Inapanda taratibu, kama mtu mzima anayeinuka kitini. Nzima, ila ndefu. Anaiweka kando.

Ya pili inang'aa, nyeusi tii.

"Hizo mpya, dada yangu. Bado zina harufu ya boksi."

"Boksi ndilo jipya." Anachukua msumari, anakwaruza rangi. Chini yake kuna mafuta yaliyoganda na vumbi la safari za gari jingine. "Mmeipaka maiti wanja."

Muuzaji anaangalia viatu vyake. "Wateja wengine hawakwaruzi."

Hilo lilisemwa kwa ajili yako.

Jozi ya tatu ni fupi, imara, na springi zake zimetoka kiwandani zikiwa fupi, chuma kinene zaidi, kwa kuwa chenye nafasi ndogo ya kubonyea hakina budi kuwa kigumu zaidi. Anazipima mara mbili dhidi ya namba za Jumatatu. Kisha anaanza kufunga.

Saa tisa vani iko juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Anamwita dereva.

"Ingiza mkono. Igeuze springi."

Dereva anashika, anakaza. "Haigeuki."

"Mikono miwili."

Anatumia miwili, mishipa ya shingo inamtoka. "Haigeuki, dada."

"Gurudumu limeshuka mpaka mwisho na bado imebanwa. Basi hiyo ina kwao."

Dereva anafuta mikono kwenye suruali. Leo hana mzaha; kisa cha shemeji kimeshamfikia. "Ile ya shemeji yako ingegeuka?"

"Kwa kidole kimoja."

Jumatano asubuhi Mwalimu anapanda bila stuli. Anasimama mlangoni, anautazama mguu wake kama mgeni aliyefika mapema, anaketi. "Bi Futi," anaita, "suti imenikaa." Safari hii gari linaondoka nao mara moja.

Mpango wa fundi sasa ni mmoja. Ameandikia ofisi ya usalama barabarani mara mbili, akakiri kwa jina lake na sahihi yake, akaomba faili la ajali lifunguliwe upya. Anajua kukiri kunaweza kumtia matatani. "Nifungwe mimi, afunguliwe shemeji yangu," anasema. Jibu lilirudi mstari mmoja: aletwe shahidi aliyeiona springi. Yenyewe iliokotwa siku ile ile na wauza vyuma chakavu, na neno la aliyekata halitoshi.

Kwa hiyo turudi kwako.

Ilikuwa Alhamisi, mvua imekatika, saa kumi jioni. Ulikuwa na mfuko wa nailoni. Au ulikuwa juu ya baiskeli ukashuka kuikwepa. Au ulikuwa mwenye duka la magodoro, ukaisogeza kwa mguu isikuzuilie wateja. Uliiona ncha ile ikimeremeta, na chuma kilichovunjika hakimeremeti namna ile.

Inuka, nenda leo, kabla ofisi haijafungwa. Sema tarehe, sema mahali, sema ulichokiruka. Kuna watoto wawili wanaolibeba neno ambalo si la baba yao, na umewabebesha wewe pia. Nenda ukawatue.