Siku Nilipomtasa Wakesho Mbele ya Kompyuta

Haya, chekeni mumalize kabisa, maana niliaibika mbele ya watu wa serikali mbili, yetu na ya Uturuki, na sina wa kumsingizia.

Mjukuu wangu Wakesho alikuwa ameitwa mahojiano ya ufadhili wa serikali, akasomee udaktari wa mifugo huko Uturuki, na akiukosa basi masomo yameishia hapo, anarudi kuuza mboga na mamake sokoni Voi. Mahojiano yenyewe ni ya kwenye kompyuta (tuliazima kwa Mwalimu Mwakio, jirani yetu hapa Mwakingali). Binti yangu Mghoi akanionya, "Mama, leo ukae jikoni, tafadhali."

Nikakaa. Lakini mtoto wa Kidawida, Mtaita kamili, aende kwenye jambo kubwa hivyo bila kutaswa? Kwetu ukimbariki mtu unajaza maji ya miwa mdomoni, unampulizia, unamtakia mema (mimi ni mama wa kanisa, lakini hilo halijawahi kunizuia), basi nikaona niingie mara moja tu, nimpulizie kisogoni, nitoke.

Kwenye kioo walikuwa watatu, Bi Halima, Bwana Otieno na Mturuki anaitwa Bwana Emre. Otieno akauliza, "Nani huyo nyuma yako?" Nami nitajibuje na mdomo umejaa? Nikapuliza. Wakesho akainama, yote yakaishia kwenye kompyuta, ikazima.

"Nyanya, umeniua!"

"Sijakuua, nimekubariki."

Mghoi akaleta simu yake mbio, wakapatikana tena. Nikaishika mimi, nikawasalimia wote kwa majina, nikaeleza, na kwa vile Emre alionekana hajaelewa (hapa ndipo nataka kujifunika leso), nikapiga funda lingine nikamtasa na yeye, usoni kabisa! Majirani waliokuwa wamejazana dirishani kuchungulia wakaangua kicheko.

Wakesho akapangusa simu kwa sketi, akamweleza Emre kwa utulivu maana ya kutasa, kisha akajibu maswali yao yote kama hakuna kilichotokea.

Alichukuliwa. Kompyuta ya Mwakio haikufufuka, nikampelekea mbuzi wangu jike, akapokea kamba akamfunga nyuma ya nyumba yake.

Mbele ya kitu chochote cha umeme sitasi tena, nimeapa. Lakini mtihani ukikaribia Wakesho hupiga simu mwenyewe kutoka huko Uturuki: "Nyanya, toka nje, weka simu mbali kwenye kiti, halafu puliza nisikie."