Miaka Kumi ya Hodan

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya tarehe. Nilikuwa na mwezi mmoja tu kama karani wa kujitolea katika kikosi cha chanjo kinachotoka Garissa kwenda kwa wafugaji. Sikusomea afya. Nilijifunza peke yangu kwa vijitabu, nikirudia kila ukurasa kwa kuogopa kukosea. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi hupewa wasichana kuanzia miaka kumi, nami nilitaka daftari langu lisiwe na doa.

Siku hiyo mama mmoja, Habiba, alikuja kwenye hema letu na binti yake Hodan. Walikuwa wametembea tangu alfajiri.

"Alizaliwa lini?"

"Mvua za deyr, za vuli, zile zilizochelewa miaka kumi iliyopita. Ngamia wetu mweupe alizaa wiki hiyohiyo."

Nikamwambia alete cheti cha kuzaliwa. Akainama, akaninong'oneza kwamba yeye mwenyewe anaugua saratani hiyo, na hospitali imemwambia amechelewa. Alijua chanjo haitamsaidia yeye. Aliitaka kwa ajili ya mtoto.

"Pole, hooyo," nikasema. "Lete cheti."

Nesi wetu, Sahra, alikuwa ndani akichanja, hakusikia. Nilikaa na jambo hilo wiki saba kabla ya kumwambia.

"Walaal, ndugu yangu, hukuniita kwa nini?" aliuliza. Akasema, "Jumatatu tunawatafuta."

Jumatatu, baada ya swala ya alfajiri, tulipanga vipande vya barafu kwenye sanduku la chanjo na kupanda pikapu ya mizigo inayoelekea Modogashe. Nilifungua kifuniko mara mbili kuhakikisha vichupa havijagusa barafu, maana chanjo hii ikiganda huharibika. Mara ya tatu Sahra alinipiga kofi mkononi. "Ukizidi kuchungulia utaiharibu wewe mwenyewe."

Saa tatu asubuhi tulifika kizuizi cha polisi. Tukatoa vitambulisho. Afisa alisoma changu, akasoma cha mzee aliyekaa nyuma yangu, akacheka.

"Januari moja. Na huyu pia Januari moja. Nyinyi wote mlizaliwa siku moja?"

"Afande," mzee akamjibu, "siku hiyo hosbitali ilijaa!"

Gari zima lilicheka. Mimi pia nilianza kucheka, kisha nikaacha. Tarehe ile iliandikwa na karani nilipokwenda kuchukua kitambulisho. Mama yangu anajua tu kwamba nilizaliwa kiangazi. Nilimdai Habiba kitu ambacho mama yangu mwenyewe hakuwa nacho.

Modogashe tulikodi pikipiki mbili. Saa nane mchana tulifika kisima tulichoambiwa, tukakuta mavi makavu ya mbuzi na majivu tu; walikuwa wamehama. Mwanamke aliyekuwa akinywesha punda alituelekeza upande wa Wajir. Sahra aligusa sanduku. "Barafu itadumu hadi kesho asubuhi. Twende."

Alasiri tuliona nyumba tatu za mikeka. Baba yake Hodan alitutandikia jamvi, akatuuliza habari za njia na za mvua. Sahra alipomuuliza Habiba yuko wapi, yule baba alitazama chini.

"Tumemzika. Ijumaa mbili zimepita."

Tukamwombea. Kisha Sahra akaeleza kilichotuleta. Yule baba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mimi sikuitaka hiyo sindano," alisema. "Nilisikia inafunga kizazi. Tulibishana siku tatu, Habiba akanishinda, akaenda. Akarudi akasema wamemkataa mtoto. Nikajua Mwenyezi Mungu amenijibu."

"Adeer, ami yangu, haifungi kizazi," Sahra alisema. "Binti zangu wawili nimewachanja kwa mkono wangu. Inazuia ugonjwa uliomwondoa mama yake Hodan."

"Habiba alikuwa anayajua hayo maneno. Mimi siyajui."

Bibi yake Hodan, aliyekuwa amekaa mlangoni akisikiliza, alinitazama. "Ni wewe uliyewarudisha?"

"Ndiyo, ayeeyo. Nilikosea. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Ulifanya vizuri." Akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia, kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. "Kunywa, mwanangu. Allah akulipe kheri."

Nilikunywa. Nilimaliza kikombe chote.

Tulipokuwa tukifunga sanduku, Hodan alinisogelea. Alinikumbuka.

"Sasa nimetosha miaka?"

"Ulikuwa umetosha siku ile."

Alisubiri nifanye jambo. Baba yake akamwita akawarudishe mbuzi, naye akaenda akigeuka nyuma.

Jumanne asubuhi tulirudi Modogashe barafu ikiwa karibu kuisha. Sahra aliweka vichupa kwenye friji ya zahanati. "Atachanjwa mtoto mwingine," alisema. Nilikuwa nimefikiri kwamba kosa ukilikiri na kwenda mwenyewe kulirekebisha, linarekebishika. Habiba alipata siku moja tu ya kusikilizwa nyumbani kwake, na siku hiyo niliipoteza mimi kwa kudai cheti.

Tangu safari hiyo sidai cheti. Nauliza mtoto alizaliwa msimu gani, namwita nesi, tunakadiria, naandika makadirio hayo, na mtoto anachanjwa. Sahra amerudi kwa baba yule mara mbili. Bado anakataa. Hodan hajachanjwa.