Lori la Mume Wangu Lilipokosa Nguvu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ile ya malori, barabara ya Moshi, Msimamizi wa Karakana hakunipa hata spana. Alinisimamisha nyuma ya lori linalonguruma, akaniambia nitazame moshi mpaka aniite. Nilidhani ananidharau kwa kuwa mimi ni mwanamke, nikamnunia asubuhi nzima. Baadaye akaja kuniuliza nimeona rangi gani. Nikasema mweusi. "Basi hilo lina njaa ya hewa," akasema, akaenda zake. Ndivyo alivyofundisha yule baba, kwa vipande vipande, na vingine mpaka leo sijavielewa.

Ninyi vijana mnachomeka kompyuta, inawasomea. Sawa, hongereni. Sisi tulianza na pumzi. Injini ya dizeli inataka hewa nyingi, na hewa hiyo inasukumwa na turbo, kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui vizuri: lori linatoa moshi mweusi, linaishiwa nguvu kilimani na linakunywa dizeli kama halina adabu. Sasa kichwa kinauma hapa. Huenda hewa inavuja kabla ya kufika kwenye injini. Au huenda moshi umezibiwa njia ya kutoka, ukajaa nyuma, turbo ikashindwa kuzunguka. Dalili ni zilezile. Unaweza kuhangaika mbele wiki nzima na ugonjwa uko nyuma.

Kutoka hapo nilienda shamba moja la maua Usa River, nikawa fundi mkuu wa malori yao. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa dereva palepale. Alipeleka maua Nairobi kwa njia ya Namanga, na akaanza kurudi analalamika kwamba lori linamfia kwenye kile kilima kirefu cha Oldonyo Sambu. Wakati huohuo dizeli yake ikawa inaisha upesi kuliko ya madereva wenzake. Meneja wa Usafirishaji, mtu mpole asiye na makelele, akaniita ofisini. Alisema yeye anaona mafuta yanauzwa njiani, ila kwa heshima yangu nilikague lori kwanza.

"Ukinionyesha ubovu, Mama Neema, yamekwisha," akasema. "Ukiniambia ni zima, namwachisha kazi na polisi watamhoji."

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kwenye lori. Nilibadilisha filta ya hewa. Nilipaka maji ya sabuni kwenye mipira yote inayopeleka hewa kwenye injini, maana penye kuvuja hutoa mapovu. Sikuona povu hata moja. Nikaushika mhimili wa turbo kwa vidole, hauchezi, yaani haujachakaa. Nikafunga geji kwenye bomba la moshi, karibu na turbo, nipime kama moshi unajaa nyuma. Nikapiga resi. Sindano ya geji ikalala chini kabisa, imetulia yenyewe. Fundi yeyote angefurahi. Mimi kila kipimo kilichosema lori ni zima kilikuwa kinaniambia mume wangu ni mwizi.

Nilichanganyikiwa, siwafichi. Jioni, tukiwa mezani, nilimuuliza bila kuzunguka kama anauza mafuta. Akaweka kijiko chini.

"Unaniuliza kama mke au kama fundi?"

Nikaondoa vyombo mezani. Nilikuwa na hasira naye, nina hasira na lori, na huruma sijui ya nani. Nikimtazama usoni namwamini. Akitoka nje kwenda kufunga ng'ombe, simwamini tena. Mtu mmoja, nyumba moja, na moyo wangu unakwenda mbele unarudi nyuma.

Kulipokucha nikajiuliza mbona nimelipima lori tupu, limesimama uani, wakati mwenzangu analalamikia mzigo na kilima. Nikamwomba Meneja ruhusa. Tukapakia mifuko ya mbolea hadi juu. Geji niliivuta mpaka ndani kwa dereva, nikaiunga kwa kibomba cha shaba kwa sababu mpira ungeyeyuka kwenye moto ule. Baba Neema akashika usukani, mimi nikaipakata geji. Tangu Usa River mpaka tunapita Ngaramtoni macho yangu hayakutoka kwenye sindano.

Kilima kilipoanza, lori likaguna, akapunguza gia, na sindano ikaanza kupanda. Ikapanda, ikapanda, mpaka nikapiga yowe kama mtu aliyemwona ndugu yake stendi. Yeye hakugeuka. Macho yake yalikuwa barabarani tu.

Tulipolirudisha nilifungua kile kipande cha bomba la moshi chenye mikunjo, kinachonesa injini inapotikisika. Nje kinang'aa, hakina ufa. Ndani kina bati la pili, nalo lilikuwa limechanika. Moshi ukiwa kidogo, lile bati linalala. Ukija kwa nguvu linainuka, linaziba njia. Meneja alikuja akalisukuma kwa kidole chake mwenyewe, kisha akamwomba Baba Neema radhi mbele ya madereva wote. Tukaweka bomba jipya. Lori likapanda kilima bila kuguna, na dizeli ikawa sawa na ya wengine.

Nimestaafu sasa, tuko Akheri na kahawa yetu na migomba. Mafundi wachanga wakija kuniuliza, nawaambia msilihukumu gari lililosimama, lipimeni likiwa na mzigo, kilimani, linapotaabika. Wananishukuru, wanaondoka, nami nabaki najiona mjuzi.

Lakini majuzi tulikuwa tunapogoa kahawa, na Baba Neema, ambaye miaka yote hii hakuwahi kulitaja jambo lile, akaniuliza hivihivi, mkono uko tawini.

"Sindano isingepanda siku ile, ungeniamini?"

Nilitaka kusema ndiyo, ndiyo hiyo ikagoma kutoka.

"Sijui," nikamwambia.

"Afadhali," akasema. "Ungesema ndiyo, ningejua unanidanganya."

Akaendelea kukata matawi. Nami sielewi mpaka sasa kama pale alinisamehe, au alikuwa ananiambia kwamba alijua tangu siku ile, mle ndani ya lori, kuwa simwamini.