Siku Tulipofua Maktaba

Enzi zetu miaka haikuwa na namba, ilikuwa na chakula. Huu ninaousimulia ni mwaka wa mahindi ya njano. Mtu wa Garissa wa umri wangu ukimtajia mahindi ya njano atashika tumbo kwanza ndipo akujibu. Ngamia walikuwa wamekauka, maziwa tukiyasikia kwa jina tu, na lori la Serikali likaleta magunia ya unga ambao wazee waliunusa wakasema hiki ni chakula cha farasi wa Wazungu. Tukaula hivyohivyo, bila samli, matumbo yakanguruma. Aliyekosa unga alikwenda mtoni kuguguna makoma, yale matunda magumu kama jiwe, mpaka ufizi ukatoka damu. Wajukuu wangu leo wakiwekewa wali usio na nyama wananiuliza kama kuna msiba.

Mwaka huo mimi Halima nilikuwa shuleni. Mnacheka nini? Nilikuwa shuleni, nimevaa gauni la marekani lililoniwasha shingo. Wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na binamu yangu Dahabo, na Dahabo mwenyewe mahari yake ilishapokelewa, likizo ikianza anaolewa. Kwa hiyo msichana wa kubaki ni mimi. Na aliyeniingiza pale ni Adeer Gedi. Adeer kwetu ni baba mdogo, lakini tunamwita hivyo kila mwanamume tunayemheshimu. Gedi alikuwa mlinzi wa shule na mchota maji, yeye na punda wake mwenye sikio moja. Ndiye aliyemkalia hoyo, mama yangu, mlangoni siku nzima akamwambia, "Mwache huyu asome. Mbuzi watachungwa na wengine." Hoyo alikubali ili tu mtu huyo aondoke.

Mwalimu wetu aliitwa Mutua, mtu wa Ukambani, mwembamba, kaptura yake imepigwa pasi ikasimama yenyewe. Alitufundisha Kiswahili kwa taabu. Ndimi zetu, mnazijua. Yeye anasema, "Pipa la pilipili," sisi darasa zima kwa sauti moja, "Biba la bilibili!" Anasema, "Viatu vya vijana," sisi, "Fiatu fya fijana!" Alikuwa akiishika midomo yetu kwa vidole, aipange. Haikupangika. Kwetu sisi v na f ni mapacha, mama yao tu ndiye anayejua yupi ni yupi.

Basi ikafika siku ya mwisho kabla ya likizo. Shule ilikuwa na chumba cha mabati kilichoitwa maktaba, na mimi mara ya kwanza kuingia humo nilisimama mlangoni mdomo wazi. Sikujua kwamba duniani kuna maneno mengi hivyo. Siku hiyo Mwalimu alitupa mimi na Dahabo kazi ya kukitayarisha, maana jioni lori lingekuja na Bwana Elimu, Mzungu wa kukagua shule. Kazi ilikuwa kazi! Wavulana wanarudisha vitabu mbio mbio waende kwao, huyu chake kinanuka mbuzi, yule chake kimekaliwa na nge katikati ya kurasa, tukapiga mayowe, nge akauawa kwa kitabu cha hesabu. Mchwa wamejenga nyuma ya rafu. Joto la mabati linakupika kichwa. Kurasa zilizong'oka tunazibandika kwa gundi, na gundi yenyewe ni uji wa ule unga wa njano, Dahabo anapaka mara moja, analamba mara mbili. "Dahabo, Mwalimu atakuona." "Amwandikie barua mume wangu."

Sasa sikilizeni. Kila kitabu pale kilivalishwa karatasi ya kaki kisichafuke, na Mwalimu Mutua aliita karatasi hizo nguo. "Kitabu bila nguo ni aibu," ndiyo maneno yake. Karatasi zilikuwa zimechakaa, na mpya zilikuwa njiani. Katikati ya kazi akaitwa ofisini kwa DC, akaondoka haraka, na njiani akakutana na Adeer Gedi. Akampa ujumbe wetu: vitabu vivuliwe nguo zote. Yaani tuzitoe zile karatasi kuukuu, basi.

Adeer akaja mpaka mlangoni, punda anamvuta kwenda mtoni, akatupigia kelele, "Wasichana! Mwalimu anasema fitabu fifuliwe nguo zote! Zote, hakuna kubakisha!" Akaenda zake.

Tukatazamana.

"Kitabu kinafuliwa?" nikamuuliza Dahabo.

"Loho haifuliwi?" akanijibu.

Hapo nikakubali, kwa sababu alisema kweli. Loho ni ule ubao tuliosomea Kurani kwa maalim. Unaandika kwa wino wa makaa, unasoma mpaka aya ikae kifuani, kisha unauosha ubao ukauke, uandikiwe somo jipya. Maandishi yaliyokwisha kusomwa huoshwa. Hatukujua elimu nyingine. Na muhula ulikuwa umekwisha, vitabu vimeshasomwa, watoto wanakwenda kwao. Ilituingia akilini sawasawa.

"Na nguo zake pia," nikasema.

"Amesema zote. Wazungu hawa hata mbwa wanafua."

Tukaburuta beseni. Tukachota maji ya pipa, maji ya Tana yenyewe, rangi yake chai ya maziwa. Tukakata sabuni ya mche. Wallahi tulifua kwa bidii! Kitabu unakizamisha, unakipaka sabuni, unasugua pale wino ulipokaza, unakamua. Wino wa loho hutoka mara moja, lakini huu uling'ang'ania, na Dahabo akautukana. Maji ya suuza hatukuyamwaga ovyo. Maji yaliyoosha maandishi hayakanyagwi, tuliyapeleka tukayamimina kwenye shina la mgunga nyuma ya jiko, kwa heshima, tukasema bismillahi. Kisha tukavianika vitabu juu ya ua wa miiba, kimoja kimoja, kurasa zinapepea. Mbuzi wa jirani wakaja wakaanza na jiografia. Tuliwafukuza, lakini jiografia ilikuwa imeshakwenda.

Mwalimu Mutua alirudi jua likiwa limeanza kushuka. Nilimwona akikata kona ya darasa akipiga mluzi. Mluzi ulikatika. Alisimama kama aliyeumwa na nyoka akangoja sumu ifike. Alitazama ua wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, vitabu vimevimba kama mizoga ya mvua, sabuni inachuruzika. Nilitabasamu nikijua nitasifiwa. Akaketi chini mchangani, yeye na ile kaptura yake ya pasi, akashika kichwa kwa mikono miwili kama mwanamke aliyefiwa. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kuona mwanamume mzima akiketi vile, na mwalimu! Hapo ndipo nilipojua kwamba tumefanya jambo, ila sikujua ni jambo gani.

"Nani amewaambia?" hatimaye akasema, sauti ndogo.

Dahabo akaanza kulia. Adeer Gedi ndiyo kwanza anaingia na punda, mapipa yakimwagika. Mwalimu akainuka.

"Gedi! Nilikuambia useme nini?"

"Fifuliwe, Mwalimu."

"Umesikia mwenyewe! Vifuliwe! Kwa mdomo wako!"

"La, wallahi! Mimi nimesema fifuliwe! Sikusema fifuliwe!"

Leo ukisimuliwa unacheka. Siku ile hakuna aliyecheka, mbali na Mungu kama alitaka. Adeer aliing'ang'ania kamba ya punda. Mkewe alikuwa amejifungua mapacha mwezi uleule, na katika mwaka wa mahindi ya njano mtu mwenye mshahara na kibaba cha unga kutoka shuleni ndiye mtu mwenye watoto hai. Akifukuzwa, tulijua sote wale mapacha watakwenda wapi.

Mwalimu akanigeukia mimi, maana Dahabo alikuwa kamasi tupu. "Halima. Bwana Elimu anafika sasa hivi na ataniuliza. Kama Gedi alisema vifuliwe, kosa ni la Gedi, na Gedi ataondoka. Kama alisema vivuliwe, ninyi ndio mmesikia vibaya, na wewe hutarudi hapa. Wewe ulisikia. Lile neno alilosema Gedi, liseme."

Nilijua vizuri Adeer alikusudia lipi. Nilitaka kumtetea. Nikafungua mdomo niliseme, lile la kuvua, lile la haki, na neno likafika kwenye meno, nikalisikia kabla halijatoka. Lilikuwa linakuja na f. Yarabi! Mdomo wangu mwenyewe ulikuwa unakwenda kumfukuza mtu aliyeniingiza shule, na kosa lake ni kwamba ulimi wake ni kama wangu. Nikaufunga mdomo kwa mkono. Nilishtuka vibaya kuliko nilivyoshtuka kwa nge, kwa vitabu, kwa Mwalimu kuketi mchangani.

"Sema, Halima."

"Silisemi neno hilo, hata mkinitoa shule."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

Mwalimu akakung'uta mchanga kwenye kaptura. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivi mpaka leo. Kisha akatazama pembeni, lori likasikika linapanda kutoka mtoni. "Basi nitampa jina lako," akasema.

Nilikwenda nyumbani. Hoyo akaniuliza nimefanya nini hata nirudishwe. Nikamwambia tumefua vitabu. Akafikiri, akauliza, "Na vimetakata?"

Ndipo shule yangu ilipoishia. Likizo ile haijakwisha. Herufi nilizobaki nazo nilizilea mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, na hizi ninazoandika mpaka leo ndizo hizohizo. Mapacha wa Gedi walikua, mmoja alikuwa na duka la ngozi karibu na soko, alinisalimia kwa mikono miwili mpaka alipokufa.

Enzi zetu kitabu kimoja kilisomwa na wavulana wengi mpaka kikawa laini kama kitambaa, na tulipokiua tulikiua kwa kukipenda. Siku hizi mjukuu wangu ni mwalimu mkuu, amenipeleka nikaona maktaba yake, rafu mpaka darini, vitabu vikavu, safi, na vumbi juu yake kwa sababu vijana wote vichwa vimeinama kwenye simu. Tunavyo vyote, hakuna anayevigusa hata kuvichafua! Na v yao inanguruma kama pikipiki, wanasema vua, vaa, viva, kwa raha zao, hawajui ni mali.

Walinizunguka, wamenielekezea simu wanirekodi, mmoja wao kitukuu wa Gedi, macho yaleyale. "Ayeyo, bibi yetu, tuambie basi, Gedi alisema nini hasa? Liseme tu, tucheke."

Niliwatazama mmoja mmoja.

"Silisemi neno hilo, hata mkinitoa shule."