Mkono Uliozoea Wembe

Msusi wangu amefariki. Simu ilinikuta na kikombe cha chai mkononi, na aliyepiga kutoka Newala hakuzunguka: tumbo lilimshika ghafla, wakamkimbiza, hospitali hakufika. Mnaonisoma hapa mnajua sina tabia ya kulilia watu gazetini, maana wafu wetu ni wengi na ukurasa ni mdogo. Leo mnivumilie. Nina uchungu, na sina pengine pa kuupeleka.

Nilimfahamu akiwa anajifunza kazi kwenye saluni moja ya Masasi, binti wa kijiji cha Mkunya, huko Newala, mpole mpaka anaudhi. Bibi yake ndiye aliyekuwa akiitwa kunyoa wafiwa matanga yakianuliwa, naye akamfundisha mjukuu wembe huo angali msichana. Mkono wake ulijua jambo moja tu: lowesha, vuta, ondoa. Basi bosi wake alipomwambia anipunguze ncha za nywele zangu, kipilipili kisichojua dawa, akafanya vilevile. Alizilowesha chapachapa, akazivuta zikanyooka, akakata pale alipoona panatosha. Jamani! Kipilipili kikikauka hujikunja kikarudi kwao. Upande mmoja ulisimama juu ya sikio, wa pili ulikuwa kama haupo, ikabidi zote ziondoke. Jumapili kanisani watu wakanipa mkono wa pole, na mama mmoja akaniuliza nimefiwa na nani. Nilicheka, lakini nilikuwa nimekasirika kwelikweli.

Niliporudi kumsema, nikakuta bosi ameshatamka kwamba akiharibu kichwa kingine arudi kwao. Binti akanipigia goti, akaniamkia, akaniomba nywele zikiota nimwachie ajifunzie tena. Nikamuuliza anang'ang'ania nini, na kunyoa anajua, na misiba haikosekani.

"Mama, nimechoka kuitwa mtu akifa," akasema. "Na mimi nataka kazi yangu ibaki kichwani mwa mtu, ionekane."

Nilikubali, nani angekataa? Akajifunza kukata nywele zikiwa kavu, msokoto mmoja mmoja, akirudi nyuma kutazama umbo kabla ya kugusa tena. Kukata ili ubakize ni kazi ngumu kuliko kukata ili umalize, na wapo wakubwa wetu maofisini ambao wamezeeka bila kuijua. Baadaye akafungua saluni yake Newala, nami nikawa naupanda mlima kutoka Masasi kumfuata. Bibi yake alipofariki, ukoo ulimtaka ashike wembe kwenye matanga. Akakataa, wakamwita mwenye maringo, na wengine hawakumsemesha tena.

Nilikwenda kwenye msiba wake. Siku ya kuanua matanga walimkalisha mkekani binti yake wa pekee, anyolewe kama mila inavyotaka. Nywele za mtoto yule zilikuwa zimekatwa vizuri mno, duara safi, kila msokoto mahali pake. Mama yake alikuwa amezipunguza siku chache kabla ya kuugua. Mama mdogo alipommwagia maji, mtoto akakishika kichwa kwa mikono miwili.

"Msizitoe," akasema. "Hizi kakata mama."

Hakuna aliyemgombeza. Mama mdogo alikuwa analia kuliko yeye. Wakamshusha mikono taratibu, wakanyoa.

Mila siitukani. Mimi mwenyewe nilinyolewa kwa ajili ya baba yangu, na kile kichwa kitupu kilinisaidia kulia. Lakini siku ile nilitazama mpaka mwisho, nikaona kazi ya mtu ikiisha mbele ya macho yangu, na yeye hayupo hata asikie kwamba alipatia. Mwashi akifa, nyumba inasimama. Wako wengine ambao kazi yao yote tunatembea nayo mwilini, na matanga yao wenyewe ndiyo yanayoifuta. Msusi wako msifu leo, nywele zingali kichwani.