Fundo la Mkono wa Mapendo

Mama yangu, Mwanamvua binti Faridi, tulimzika Ujiji mwezi uliopita, Jumatano baada ya adhuhuri. Watu walijaa uani mpaka barabarani, na wengi walitoa pole kwa kunionyesha mikono yao. Mwanamume nisiyemjua alikunja shati, akageuza kiganja juu na chini mbele ya macho yangu, akasema mkono ule ulivunjika mara mbili na mara zote aliuunga Mama. Mama mmoja wa Gungu alinishika bega kwa vidole ambavyo, alisema, kama si marehemu asingekuwa navyo. Niliwashukuru wote.

Lakini wiki mbili kabla ya kufa, sauti ikiwa imebaki kidogo, Mama aliniambia: "Zuleha, watasema niliunga mikono. Wewe uliyesoma, andika na ule niliouozesha. Huenda mwenyewe akasoma."

Basi naandika. Mwenyezi Mungu anisamehe nikizidisha au nikipunguza.

Kazi hiyo ya kuunga mifupa Mama alifundishwa na babu, baba yake, ambaye wazee wake walitoka upande wa Kongo kama wengi wa Ujiji. Watoto wa kiume hawakuitaka, akaichukua binti. Mama hakuwa na picha wala mashine. Alipaka mawese ya vuguvugu, akafumba macho, na vidole gumba vyake vikatembea polepole toka kiwiko kwenda kiganjani. Nilipokuwa kidato cha tatu tulichora mifupa ya mkono kwenye somo la baiolojia, nikamwonyesha. Alicheka. Akashika mkono wangu na kunifundisha yasiyokuwa kwenye daftari: kwamba kigasha, yaani toka kiwiko mpaka kifundo, kina mifupa miwili, na ukigeuza kiganja chini ule wa upande wa kidole gumba huupanda mwenzake kama mtoto anavyompanda mama kitandani. Kwamba vidole havina nguvu yao wenyewe. Nyama inayovikunja imekaa juu kwenye kigasha, na kano zinapita kwenye kifundo cha mkono kama kamba zinazopita kwenye tundu moja. Vile vifupa vidogo vya kifundo aliviita changarawe. Mwalimu wetu alisema viko vinane. Mama alisema yeye anavihisi saba, na hatagombana na mwalimu kwa kimoja.

Alikuwa na sheria aliyoirithi. Fundo la fundi halifunguliwi na mtu mwingine. Aliyefunga ndiye afunguaye. Mvuvi mmoja, Martini, alijifungulia mabanzi, vile vijiti vya kushikilia mfupa, siku ya nne kwa sababu ya kuwashwa, akarudi kuvuta wavu, na mkono ukaunga umepinda kama jembe. Tangu hapo Mama akawa mkali. Kila aliyefungwa aliapishwa, na jamaa zake pia. Halafu aliwatania ili wasiogope: "Hata malaika akishuka akasema fungueni, mwambieni mwenyewe yuko Ujiji." Watu walicheka, na walitii.

Hiyo sheria haikuwa na madhara kwa sababu Mama mwenyewe hakukosa siku ya pili. Mkono uliovunjika huvimba, na uvimbe ukikosa nafasi nje hugeukia ndani na kuibana mishipa ya damu. Kwa hiyo kesho yake alikwenda kulegeza, awe mgonjwa yuko Simbo au wapi. Na siku ya tatu alikwenda tena.

Novemba ya mwaka 1996, vita ilipowaka Kongo, ng'ambo ya ziwa, maboti ya wakimbizi yalishuka ufukweni kwetu mchana kutwa. Watu waliwekwa kwenye uwanja wa shule wakisubiri kupelekwa kambini. Jumanne alasiri jirani alikuja mbio kumwita Mama. Nilibeba chupa ya mawese na mabanzi ya mwanzi, tukaenda.

Mtoto aliitwa Mapendo, miaka tisa. Alikuwa ameruka kutoka kwenye boti akaangukia mawe kwa kiganja cha kulia. Mifupa yote miwili ilikuwa imekatika juu kidogo ya kifundo, na mkono umeingia chini halafu ukainuka, kama mgongo wa uma. Mama yake, Agnesi, alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya kiume. Mume wake walipotezana mjini Baraka, huko ng'ambo. Huyu mtoto ndiye aliyebaki naye.

Agnesi alishika kiwiko, mimi nikashika mabega. Mama alisema bismillahi, akavuta. Nilisikia mifupa ikirudi. Mapendo alipiga ukelele mmoja tu, kisha akatulia akitweta. Mama alibonyeza kucha zake moja moja akatazama damu ikirudi. Alitafuta mapigo chini ya kidole gumba, akayapata. Akamwambia afunge ngumi, afungue, mtoto akafanya. Kila kitu kilikuwa salama.

Ndipo akafunga. Mabanzi manne na vipande vya kanga kuukuu. Alikaza kuliko kawaida yake, kwa kuwa mtoto angelala chini katikati ya umati, na kesho asubuhi yeye Mama angekuja kulegeza. Hili aliniambia mwenyewe baadaye, wala hakulitafutia udhuru.

Kisha akamwapisha Agnesi. Akaongeza na utani wake wa malaika. Agnesi hakucheka. Alirudia maneno yale mara mbili, polepole, kama mtu anayejifunza sala.

Jumatano saa tatu asubuhi tulikuta uwanja mtupu. Palikuwa na majivu, maganda ya ndizi na ndara moja. Mzee aliyekuwa akifagia alisema malori yalikuja baada ya alfajiri yakawapakia wote, wameenda kambi ya ndani, mbele ya Kasulu.

"Leo ndiyo siku," Mama akasema. Hakusema na mzee wala na mimi.

Hatukurudi nyumbani kuaga. Tulipata lori la muhogo linalokwenda Kasulu, tukakaa juu ya magunia. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Baada ya Simbo, kwenye mteremko wa udongo mwekundu, lori likazama mpaka ekseli. Wanaume walichimba, wakakata matawi, wakasukuma. Siku ile ikaisha pale.

Alhamisi asubuhi, wakati bado wanachimba, nilimwona Mama amekaa juu ya jiwe amejifunga mtandio kwenye kigasha chake mwenyewe. Alikuwa ameukaza kwa meno. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema anataka kujua. Alikaa hivyo akitazama vidole vyake, na midomo ikitaja majina ya Mungu. Ilipofika karibu adhuhuri vidole vilikuwa vimebadilika rangi, na alipobonyeza kucha weupe ulichelewa kuondoka. Akafungua. Akasema, "Huu wangu haukuvimba, Zuleha." Akainama akalia, na watu wa lori wakadhani amefiwa.

Tulifika kambini Ijumaa asubuhi. Getini askari alitaka kibali. Mama alimwambia, "Mwanangu, kuna mkono unakufa humo ndani." Askari akajibu, bila ubaya, kwamba humo ndani wanakufa watu wazima, sembuse mkono. Mama alishika nguzo ya geti akasema haondoki. Alikuwa amelowa, miguu imejaa tope, na nilimwonea aibu, jambo ninalojutia mpaka leo.

Aliyetuokoa ni nesi, Elinipa, Mpare aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same. Alikuwa akiingia zamu. Alimwamkia Mama shikamoo, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza ilikuwa siku gani. Mama aliposema Jumanne, uso wa nesi ulibadilika. Alituandikisha kwa jina lake tukaingia.

Mama alipita kati ya mahema akiita Mapendo. Jina hilo ni la wengi kwao. Walitoka watoto watatu, wote wazima, wakimtazama kwa matumaini kana kwamba amewaletea kitu. Wa nne hakutoka. Tulimfikia kwa harufu.

Agnesi alipomwona Mama alisimama, na juu ya uso ule wa mtu ambaye hajalala, akatabasamu.

"Nilijua utakuja," akasema. "Jana muganga ya kambi alikuja na makasi akate. Nilimufunika mutoto na kitenge yangu, nikamukatalia. Juzi mutoto alinililia usiku na muchana, nilimukatalia na yeye. Ulisema hata malaika."

Mama alipiga magoti akafungua. Vidole vyake, ambavyo sikuwahi kuviona vikisita, vilikosa ncha ya fundo mara mbili. Kanga ilikuwa imezama kwenye nyama. Chini yake ngozi ilikuwa na malengelenge, na toka kifundoni kwenda mbele mkono ulikuwa wa baridi, mweusi kama ndizi iliyosahauliwa. Mapendo alitazama pembeni. Alisema hauumi tena tangu jana.

Elinipa alibonyeza kucha. Hapakurudi kitu. Mama akasukuma mkono wake kando, akaweka vidole viwili chini ya kidole gumba cha mtoto, akafumba macho. Alikaa sana.

"Naupata," akasema. "Unapiga. Mdogo, lakini unapiga."

Elinipa aliweka kidole chake pale pale. Kisha akaushika mkono wa Mama kwa upole. "Hayo ni ya kwako, mama. Ni mapigo ya kidole chako mwenyewe."

Mama alibaki amepiga magoti. Agnesi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na tabasamu likawa linaondoka kidogo kidogo.

"Nilishika neno yako," akasema.

"Neno lilikuwa baya," Mama akasema. "Ungefungua, mwanangu. Ungefungua na meno."

Agnesi hakupiga kelele. Alikaa chini akavua vile viatu vya kiume, akaviweka sawasawa, kimoja kando ya kingine, kana kwamba anaingia mahali.

Walimkata hospitali Jumamosi, chini kidogo ya kiwiko. Daktari alisema wangechelewa siku moja wangemkosa mtoto mzima. Mama aliomba abaki wodini. Nilidhani Agnesi angemfukuza; alisema tu kwamba yeye amechoka, na mtu wa kumwosha mtoto anatakiwa. Tulikaa siku kumi na moja. Mama alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko, alimwombea sala zote tano. Agnesi naye alisali rozari upande wa pili wa kitanda kile kile. Walizungumza kidogo sana, na mara nyingi ilikuwa juu ya maji ya moto.

Siku ya tano, mchana, Mapendo alianza kulia kwamba vidole vinamuuma. Vya mkono wa kulia. Alisema vimebanwa, vimekunjwa ndani ya kiganja, hawezi kuvinyoosha. Elinipa alikuwa ametueleza kwamba mshipa wa fahamu hausahau upesi. Mama aliweka kiganja juu ya kile kipande kilichobaki, nami nikaweka changu. Chini ya bendeji nyama ilikuwa ikijikaza na kulegea, ikivuta vidole visivyokuwapo.

"Nifungulie," mtoto akamwambia Mama. "Ulisema ni wewe tu unafungua."

Mama alianza kufungua. Hewani, mbele ya bendeji, pale ambapo kifundo kingekuwa, alitafuta ncha, akalegeza fundo, akazungusha kitambaa mzunguko baada ya mzunguko, akatoa banzi la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akanyoosha kidole cha mwisho, akaja cha pili. 

"Bado kidole gumba," Mapendo akasema.

Akanyoosha na kidole gumba. Mtoto akashusha pumzi, na baada ya muda akalala. Agnesi aliyatazama yote hayo akiwa amesimama dirishani. Kisha akatoka nje, na huko nje ndiko nilikomsikia kwa mara ya kwanza akilia kwa sauti.

Tulirudi Ujiji. Mama hakufunga mkono wa mtu kwa mwaka na miezi minne. Waliokuja aliwaelekeza hospitali. Sheikh alikuja kumwambia ni kadari ya Mungu. Mama alimjibu kwa adabu kwamba kuanguka kwa mtoto ni kadari, lakini fundo alilifunga yeye. Aliporudi kwenye kazi, ile sheria haikuwapo tena. Aliwafundisha jamaa za mgonjwa kufungua na kufunga mbele yake mpaka wajue, akawaonyesha kucha, mapigo, ngumi. Wengine walinung'unika kwamba fundi gani huyu anayekufundisha kumharibia kazi. Mara mbili alikwenda kambini kumtafuta Mapendo. Mara ya pili aliambiwa mama na mtoto wamehamishwa. Hakuwapata tena.

Siku ya maziko, kabla ya kumswalia, mjomba alisimama akauliza kama yupo mwenye haki yoyote juu ya marehemu, ajitokeze au asamehe. Wanaume wakajibu kwamba wamesamehe. Mimi nilikuwa ndani na wanawake. Tumefundishwa kwamba haki ya mtu, Mungu humwachia mwenye haki aisamehe. Na wote waliojibu walikuwa na mikono miwili.

Mapendo, kama uko hai, sasa ni mwanamke mtu mzima. Kama uko Kongo, kama bado uko kambini, kama ulivuka bahari kama wengine walivyovuka, sijui. Mama yangu amekufa. Hakukusahau siku hata moja. Nakuomba umsamehe, wala siombi kwa ajili yangu. Niletee neno Ujiji, msikiti wowote, wanatujua. Hata kama neno lenyewe ni hapana, nilijue, niendelee kumwombea kwa namna inayostahili.